Kusimamisha Moyo wa Waringa

Jumapili, 3 Juni 2007

Tumerudishwa nyumbani. Waringa alikuwa apasuliwe moyo Ijumaa, na Alhamisi jioni akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo tu, kama cha paka. Lakini muuguzi, Sister Namalwa, alikuwa amesimama karibu na kitanda. Akamwita Daktari Were, Daktari Were akamsikiliza mtoto kifuani na mgongoni, kisha akavitoa vile vifaa masikioni polepole sana, nikajua kabla hajafungua mdomo. Mtoto mwenye mafua hawezi kuwekwa kwenye mashine yao, mapafu yake hayatavumilia. Na madaktari wageni wanaokuja hospitali hii ya Parklands kusaidiana na wa hapa kupasua watoto wadogo hivi walikuwa wanaondoka wiki iyo hiyo. Watarudi Agosti.

"Mtunzeni asishikwe na baridi," Daktari Were akamwambia Mama. "Akifika Agosti bila kukohoa, atakuwa wa kwanza."

Yaani tupitishe Juni na Julai hapa Kangemi na mtoto asikohoe. Angetuambia tu tuzuie ukungu kwa mikono.

Ninaandika kwa sababu nikitaka kusema, maneno yananikwama. Niko kidato cha pili na kuna walimu wawili ambao hawajawahi kusikia sauti yangu. Na ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza siku hizi ni cha hospitali. Kwa Kiingereza ninajua kila kitu kilichoharibika ndani ya kifua cha mdogo wangu. Kwa Kiswahili ndio najaribu: kuna tundu kwenye ukuta unaotenga vyumba viwili vya moyo, njia ya damu ya kwenda mapafuni imebanwa, mshipa mkubwa umekaa mahali si pake, na upande mmoja wa moyo umekuwa mnene kwa kufanya kazi kupita kiasi. Kasoro nne, na moyo wenyewe hauzidi ngumi ya mtoto wa miezi sita.

Jumatano, 6 Juni

Ukungu mpaka karibu mchana. Hajakohoa.

Ijumaa, 8 Juni

Mama ameziba nyufa za dirisha kwa magazeti na gundi ya unga. Jiko la makaa limefukuzwa, linakaa nje kwenye manyunyu kama mgeni asiyependwa. Tunapikia stovu kwa jirani.

Baba akirudi kutoka Ngara, anakotengeneza vyerehani kwenye veranda ya duka la vitambaa, anaoga kwanza, anabadilisha shati, ndipo anaingia. Leo alisimama mlangoni akavua kofia.

"Mama mkwe ameshindaje?"

Sisi Wakikuyu tunapeana majina ya wakubwa. Mimi ni Muthoni, jina la mama yake Baba. Waringa ana jina la mama yake Mama, kwa hivyo Baba anamheshimu kama mama mkwe wake wa kweli. Nepi amekataa kabisa kubadilisha.

"Nimwone mama mkwe uchi? Hannah, unataka nilaaniwe?"

"Na kumpakata je?" Mama akamuuliza.

"Kumpakata ni kumpa kiti."

Mama alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu hospitalini. Hajakohoa.

Jumapili, 10 Juni

Leo nimefukuza kina mama wa kanisa. Mimi, ninayeshindwa kumwambia kondakta nashuka.

Walikuja saba, na sufuria ya njahi, yale maharagwe meusi, iliyofungwa kwa leso, na mmoja alikuwa anavuta kamasi. Mama alikuwa ndani amempakata mtoto. Akanifanyia ishara ya kichwa: nenda wewe.

"Sasa, mtoto wa Hannah," kiongozi wao, Mama Kinyanjui, akasema. "Tumekuja kumwombea mtoto."

"Amelala."

"Si tutamwombea akiwa amelala. Mungu hahitaji aamke."

Yule mwenye kamasi akapiga chafya. Nikajikuta nimeshika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili.

"Daktari amekataza wageni."

"Siku hizi daktari ndiye mwenye nyumba?"

Sikutoa mikono. Walinitazama, wakatazamana. Mwishowe Mama Kinyanjui aliweka sufuria kwenye kizingiti akaomba palepale nje, wote wamefumba macho, manyunyu yanawalowesha vitambaa vya kichwani. Walipoondoka niliona aibu mpaka masikio yakawasha. Njahi ilikuwa tamu. Nilikula sahani mbili.

Jumanne, 12 Juni

Hajakohoa.

Jumamosi, 16 Juni

Wacha niandike ya leo.

Kwanza niseme jambo ambalo sijamwambia mtu. Tangu ile siku ya Machi Waringa alipogeuka rangi ya zambarau mbele yangu, nimekuwa nikikwepa kumbeba. Nasema nina hesabu za kufanya, au nguo za kufua. Mama anadhani mimi ni mwanafunzi mzuri.

Leo Mama alikwenda dukani mara moja tu. Waringa akaamka, asimwone, akaanza kulia. Sisi kwetu mtoto haachwi alie. Akianza tu, mtu anakimbia, kwa sababu akilia sana ile njia iliyobanwa inajibana zaidi na damu haifiki mapafuni. Nilikimbia, lakini kilio kilikuwa kimeshapanda. Midomo ikageuka, kucha zikageuka, kilio kikaisha sauti ikabaki pumzi za harakaharaka, na macho yakaniangalia kama ananiuliza kitu.

Sister Namalwa alitufundisha. Mchukue, mkunje magoti yamguse kifua, mshike hivyohivyo, usimtikise, tulia wewe ili atulie yeye. Nilimkunja. Alikuwa mwepesi, mwenye jasho baridi. Nikaanza kuongea naye. Nilimwambia habari za Mama Kinyanjui na chafya. Nilimwambia kuhusu Anita, ninayekaa naye dawati moja, anavyolala darasani na macho wazi. Nilimwambia nilikuwa namwogopa, na kwamba kosa halikuwa lake. Nadhani niliongea zaidi ya muhula mzima. Rangi ilirudi kidogo kidogo, kuanzia pembe za midomo.

Mama alipofungua mlango alitukuta hivyo, mtoto amekunjika, mimi namweleza kuhusu dawati. Aliangusha mfuko wa unga. Akaja akatushika wote wawili.

Nashukuru kwamba nilikuwepo. Sijawahi kuandika sentensi kama hiyo juu yangu mwenyewe.

Jumatatu, 18 Juni

Shosho, bibi yangu mzaa Mama, amekuja kutoka Ndeiya kukaa nasi mpaka upasuaji uishe. Ameleta viazi, mablanketi, na maneno mengi. Baba amehamia kulala kwa rafiki yake plot ya pili, kwa sababu haifai alale chumba kimoja na mama mkwe, pazia au hakuna pazia. Anakuja kula tu, anaketi karibu na mlango, anaangalia sahani yake. Hawazungumzi ana kwa ana zaidi ya salamu.

Hajakohoa.

Jumapili, 24 Juni

Shosho amenichosha, na Mungu anisamehe. Anasema dirisha limefungwa sana. Anasema mtoto avalishwe soksi tatu. Anasema nimekonda kwa sababu ya kusoma. Akimshika Waringa anamsemea kama ni yeye mwenyewe, kwa kuwa jina ni moja: "Leo sijalala vizuri. Leo mguu wangu una baridi." Unashindwa kujua ni mguu wa nani.

Alhamisi, 5 Julai

Kliniki. Kuna daktari mgeni aliyetangulia wenzake kuwakagua watoto walio kwenye orodha, mwanamke mwenye nywele nyeupe na viatu kama vya kukimbilia. Shosho alisisitiza kwenda. "Ni mimi watapasua, nisijue?"

Daktari alieleza kwa Kiingereza. Mama amemaliza kidato cha nne, alielewa, alikuwa akiitikia kwa kichwa. Daktari Were angemweleza Shosho lakini aliitwa wodi nyingine. Basi Shosho akawa ananidonoa kwa kidole mbavuni. "Anasema nini? Muthoni, anasema nini?" Kikuyu changu ni cha kuvunjika na Kiswahili chake ni cha sokoni, tunakutana katikati.

Nilimwambia wataziba tundu. Akaitikia. Nilimwambia watapanua njia. Akaitikia. Daktari akasema kwamba ili waweze kushona ndani, mashine itachukua kazi ya moyo, na moyo wenyewe watausimamisha.

"Na moyo wataufanya nini?"

"Watausimamisha, Shosho."

Uso wake ukafunguka. "Kumbe ulikuwa umelala upande," akasema. "Ndiyo maana. Basi wausimamishe, ukae wima."

Nilifungua mdomo. Daktari alikuwa ananiangalia, Mama alikuwa anafuta machozi, Shosho alikuwa anatabasamu. Nikaufunga mdomo.

Kwa Kikuyu ni vilevile. Kusimama ni kusimama, kwa gari na kwa mtu na kwa mti. Sikukosea neno. Lakini najua alichosikia, na nimenyamaza.

Ijumaa, 6 Julai

Hajakohoa. Nitamwambia kesho.

Jumatatu, 9 Julai

Sijamwambia. Baridi imezidi. Shuleni tunaandika na glavu.

Jumamosi, 14 Julai

Leo tulikutana kliniki na Awuor, mama wa Dalmas, mtoto wa miezi mitano aliyekuwa kitanda cha pili tulipolazwa. Dalmas naye yuko kwenye orodha ya Agosti. Awuor ni mtu wa Siaya, anakaa Kawangware, anacheka kwa nguvu mpaka wauguzi wanamnyamazisha.

"Wewe msichana, kwani hapo kwenu mnaongea kwa simu ama kwa macho?" akaniuliza. "Leo nimekusalimia mara tatu."

"Nimeitika."

"Umeitika ndani ya sweta."

Nilicheka. Anamfunika Dalmas kwa kofia aliyofuma mwenyewe, yenye masikio kama ya sungura.

Jumapili, 15 Julai

Nimekwenda kanisani na Shosho, Mama akabaki na mtoto. Wakati wa maombi Shosho alisimama, akasema mjukuu wake moyo umelala, lakini madaktari wameahidi kuusimamisha, basi tuombe. Na Mama Kinyanjui, bila kinyongo chochote cha ule mlango wangu, akashika maikrofoni.

"Bwana, simamisha moyo wa mtoto huyu."

"Simamisha, Bwana," watu wakajibu.

"Tunasema usimame leo."

"Usimame, Bwana."

Kanisa zima, mikono juu. Nilishika benchi. Sikujua nicheke au nikimbie. Mbele yangu kulikuwa na msichana wa umri wangu analia kwa kuomba, analilia moyo wa mdogo wangu usimame. Wote walikuwa na upendo, ndilo jambo linaloniumiza. Wanaomba jambo ambalo wangelijua wangepiga kelele, na kosa ni mdomo wangu uliofungwa.

Jumamosi, 21 Julai

Nimemwambia.

Tulikuwa tunamenya viazi. Nilisema, "Shosho, kusimamisha si kuweka wima. Ni kuzima. Moyo wa Waringa hautapiga, mashine itamsukumia damu wakati wakishona, kisha watauwasha tena." Nilisema yote kwa pumzi moja nikiangalia kisu.

Alimaliza kiazi alichokuwa nacho. Akachukua kingine, akakirudisha.

"Mimi nimeona moyo ukisimama," akasema. "Wa Guka, babu yako. Nilikuwa nimemshika mkono, tukingoja gari. Ulisimama, na mimi nikangoja uanze. Niliungoja sana."

"Shosho, hii ni tofauti."

"Umeona wewe?"

"Sijaona."

"Basi usiniambie ni tofauti." Akaita, bila kupandisha sauti. "Hannah. Sikubali."

Jumapili, 22 Julai

Mama amelia asubuhi yote. Akasema, "Mama, wewe ulikuwepo daktari akisema." Shosho akasema aliambiwa jambo lingine. Hakunitaja. Heri angenitaja.

Mama hawezi kumpeleka mtoto mwenye jina la mama yake mahali ambapo mama yake amekataa. Mtu wa nje atasema ni upuzi. Lakini mambo yakiharibika huko ndani, ataishi vipi na mama huyo, na jina hilo? Baba ndiye angesema, ila Baba hawezi kubishana na mama mkwe. Haijawahi kutokea kwao. Alikula, akashukuru, akaondoka. Waringa midomo ilikuwa ya buluu kidogo hata akiwa ametulia.

Jumatano, 25 Julai

Hajakohoa.

Ijumaa, 27 Julai

Hajakohoa. Wiki ijayo hospitali inataka kujua kama tunakuja, ama nafasi apewe mwingine. Nimeacha kumkasirikia Shosho. Anaamka kabla yetu, anaweka sikio lake kwenye kifua cha mtoto, anakaa hivyo muda mrefu. Mtu asiyejali hasikilizi namna hiyo.

Jumapili, 29 Julai

Baba alikuja mchana na cherehani ya mteja, akasema Ngara kumejaa vumbi. Uongo, Julai hakuna vumbi. Akaiweka mezani, akaketi karibu na mlango, akamwomba Mama mtoto. Shosho alikuwa kitandani anakunja nguo.

Alimweka Waringa magotini akamtazama usoni. Akavua kofia.

"Mama mkwe," akamwambia. "Nisamehe. Mbele yako mimi sina mdomo. Tangu nimwoe binti yako sijawahi kukujibu."

Waringa alikuwa anavuta kifungo cha shati lake. Shosho aliendelea kukunja nguo.

"Lakini nimekuja kukueleza kazi yangu, kwa sababu hujawahi kuniuliza." Akazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono mmoja, sindano ikapanda na kushuka. "Hii imekatika kitu huku chini. Inashona, ndiyo. Lakini inaruka nyuzi, na kila siku inaruka zaidi. Naweza kuingiza mkono nikiwa naizungusha? Siwezi. Nitakatwa kidole na yenyewe nitaivunja. Lazima niisimamishe."

Mama alikuwa amesimama na mwiko mkononi.

Shosho hakumwangalia Baba. Alimwangalia mtoto.

"Waringa," akasema, "muulize mkwe wetu. Na ikikataa kuanza?"

Baba aliondoa mkono kwenye gurudumu. Nilidhani atasema haiwezi kukataa.

"Inaweza kukataa, mama," akamwambia mtoto. "Sitakudanganya. Nikikudanganya wewe nitakuwa mtu wa namna gani? Lakini hii tuliyo nayo inakufa ikiwa inakimbia. Naiona kila jioni nikivua kofia hapo mlangoni. Ningependa isimame mikononi mwa mtu anayejua kuianzisha, kuliko isimame yenyewe siku mimi niko Ngara."

Sauti yake ilikatika kwenye neno Ngara. Waringa aliachia kifungo akamshika kidole.

Shosho alikunja nepi ya mwisho, akaiweka juu ya zingine, akazinyoosha. Kisha akainuka, akaja mpaka karibu na mlango, karibu na Baba kuliko nilivyowahi kumwona, akainama akamwekea mtoto sikio kifuani. Alisikiliza. Alipoinuka alizungumza akiwa amegeukia ukuta.

"Waringa amesema mkwe wake ampeleke."

Baba alirudisha kofia kichwani, akaivua tena, akasema, "Mwambieni asante."

Halafu Shosho akanigeukia. "Na wewe. Ukiwa na neno, liseme lote. Nusu neno ndilo linaua watu." Akanitia kiazi cha moto mkononi nile.

Jumatatu, 6 Agosti

Tumelazwa. Daktari Were amemsikiliza mbele na nyuma, mara mbili. Mapafu ni safi. Mama alikaa chini palepale kwenye sakafu ya wodi. Baridi yote ya mwaka imepita juu ya nyumba yetu na mtoto hajakohoa.

Jumanne, 7 Agosti

Dalmas ana joto mwilini. Ameahirishwa, hatapasuliwa safari hii. Wanasema madaktari wa hapa watajaribu kumfanyia wenyewe mwezi wa kumi.

Awuor hakucheka leo. Nilikwenda kitandani kwake bila kujua nitasema nini, nikasema, "Pole, Mama Dalmas," kwa sauti iliyosikika. Aliniangalia.

"Leo umetoka nje ya sweta," akasema.

Jumatano, 8 Agosti

Walimchukua asubuhi. Mama alimbeba mpaka kwenye milango ile miwili isiyo na kitasa, akampa Sister Namalwa, na Sister Namalwa hakumnyakua, alingoja mikono ya Mama iachie yenyewe. Hilo sitalisahau.

Tulikaa kwenye benchi la ukutani. Mama, Baba, Shosho, mimi. Baba aliketi mwisho kabisa wa upande wa pili, kisha, sijui saa ngapi, niliona amesogea mpaka yuko mtu mmoja tu kati yake na Shosho, na mtu huyo ni mimi. Awuor alikuja na Dalmas mgongoni, mwenye joto lake, akaketi mbali nasi kwa sababu ya mafua, upande ule mwingine wa ukumbi, na hakuondoka. Kila nikiinua macho nilimwona. Mwanawe amekosa nafasi hiyo na bado amekuja kutuangalia tukiingoja ya wetu. Sikujua watu wanaweza kuwa hivyo.

Shosho alinishika mkono. "Sasa wameusimamisha?"

Sikutaka kumpa nusu neno. "Sijui, Shosho. Nadhani ndiyo. Nadhani ni sasa."

Akaweka mkono wake wa pili juu ya kifua chake mwenyewe, juu ya sweta, akaubana pale. Hakuomba kwa sauti. Alikaa hivyo kama mtu anayeshikilia mlango upepo usiufunge. Nami nilianza kusikia moyo wangu kila mahali, masikioni, kwenye fizi. Niliwaza vile unavyopiga bila mimi kuuambia, darasani, dukani, nikilala, na sijawahi kuushukuru hata siku moja.

Chakula kilipita. Wagonjwa walipita. Baba alisema, "Labda vitu ni vingi huko ndani."

Milango ilipofunguka, Daktari Were alitoka na ile kofia ya kitambaa, alama za barakoa kwenye mashavu. Alitutafuta kwa macho. Ilichukua muda mfupi tu, lakini huo muda ndio mrefu kuliko wowote niliouishi.

"Tundu limezibwa," akasema. "Njia tumeipanua. Tulipoirudisha damu, moyo ulikaa kidogo, halafu ukaanza wenyewe. Hatukuusukuma."

Mama alisema "asante" mara nyingi mpaka likaacha kuwa neno. Shosho aliondoa mkono kifuani, ukabaki mkunjo kwenye sweta. Baba alikuwa ameugeukia ukuta, mabega yanatikisika, na ni Shosho, Shosho mwenyewe, aliyesema kwa sauti ya kawaida, akimwambia yeye moja kwa moja:

"Waithaka. Keti, mwanangu."

Akaketi.

Alhamisi, 9 Agosti

Mipira kila mahali, mashine inampumulia. Lakini midomo. Nilidhani ni taa. Nikamuuliza Sister Namalwa kama ni taa.

"Si taa," akasema. "Hiyo ndiyo rangi yake."

Miezi minane tumeishi naye na hatukuwa tunaijua rangi yake.

Jumapili, 12 Agosti

Wametoa mpira wa kupumulia. Amenuna. Baba anasema mama mkwe ana haki ya kununa.

Jumanne, 21 Agosti

Nyumbani. Kina mama wa kanisa walikuja na nikawafungulia. Niliwaeleza, mimi mwenyewe, nimesimama, kwamba moyo ulisimamishwa kweli, yaani ulizimwa, kisha ukaanza. Mama Kinyanjui akauliza, "Yaani sisi tuliomba uzimwe?" Nikasema ndiyo. Alifikiri, akasema, "Basi ni vizuri Mungu alimwachia Mzee Were kuuanzisha tena." Walicheka mpaka Waringa akashtuka. Daktari Were hana hata miaka arobaini.

Nimeandika majina ya watu wa kushukuru, yakawa mengi nikaacha. Wengine siwajui majina. Kuna mtu aliyekuwa akiiangalia ile mashine wakati moyo wa mdogo wangu umetulia, na sijawahi kumwona uso.

Jumamosi, 8 Septemba

Jua limetoka. Shosho amerudi Ndeiya, Baba amerudi kulala nyumbani. Awuor amepiga simu, Dalmas mapafu yamesafika, wanangoja Oktoba. Nimemwambia nitakuja kukaa kwenye benchi.

Jumapili, 16 Septemba

Tulikuwa nje, Mama anakata mboga za sukuma, mimi naanika nguo, Waringa ameketi kwenye mkeka. Akatambaa mpaka kwenye beseni, akashika fungu zima la sukuma lililokwisha kuoshwa, akalitupa kwenye vumbi, akageuka kutazama kama tumeona.

"Wewe," Mama akamwambia, kwa ukali kabisa, "koma. Mtoto mbaya."

Hakuna mtu aliyewahi kumkemea maisha yake yote. Alimwangalia Mama. Akaniangalia mimi. Mdomo ukaanza kupinda, kisha akalia, kilio kikubwa cha hasira, kichwa nyuma, machozi kweli kweli, jirani wa juu akachungulia.

Mikono yangu iliachia shati. Nilikuwa nimeshapiga hatua moja. Nikamwangalia Mama, na Mama alikuwa ananiangalia, kisu kimesimama hewani. Tulisikiliza. Alilia na kulia, mwekundu kama nyanya, anavuta pumzi nyingine ndefu, anaendelea.

Mama aliokota ile sukuma, akaipeleka bombani kuiosha tena. Mimi niliokota shati, nikalianika. Tukamwacha alie.